Anayepinga Aingie

Komanda Claude alimkuta Safi ufukweni, ameinama juu ya neti, anageuza ndagala wapate jua upande wa pili. Alisimama palipokuwa na jua, kivuli chake kikafunika samaki, na hakusalimu.

"Siku ya Mungu utapanga makocha," alisema. "Wa kwanza ni minye." Akajigonga kifua kwa kidole.

Safi hakuinua uso. "Wa kwanza iko Tariki."

"Tariki alikufa."

"Alikufa akiwa wa kwanza."

Claude alicheka. Walinzi wake nao wakacheka, ingawa hawakujua wanacheka nini, maana hawakuwa watu wa Uvira. Komanda akachutama, akaokota ndagala mmoja, akamtafuna pamoja na kichwa, akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:

"Bwana yako, mule mu kontena, anakunywa nini? Batu yangu banasema mule iko joto sana. Ukinipanga wa kwanza, siku ya Mungu atarudi kwako na miguu yake. Usiponipanga, utakuya kumuokota mu mayi."

Alijifuta vidole kwenye suruali, akaenda zake.

Tariki alikuwa baba yake Safi, na kwa misimu mingi alikuwa kocha wa Sangala, timu ya watu wa mtaa wa Mulongwe, Uvira. Mvua zilizopita, watu wenye bunduki walimtoa nyumbani mchana kweupe, wachezaji wake wakiwa mkekani wanakunywa chai. Wavuvi walimkuta kesho yake kwenye mdomo wa mto Mulongwe, mikono imefungwa nyuma kwa kamba iliyokatwa kwenye wavu wa goli la kaskazini. Wiki hiyo hiyo Claude, aliyewahi kuwa golikipa wa akiba wa Sangala mpaka Tariki alipomwacha, akaja uwanjani na magwanda yake ya uasi na kusema timu imepata kocha mpya. Wachezaji wote walivaa jezi, isipokuwa mmoja. Ndayiragije, beki wa kati na mume wa Safi, alisema hatafundishwa na mtu aliyemfunga baba mkwe wake kamba. Tangu siku hiyo alikuwa ndani ya kontena la chuma, bandarini Kalundu.

Kila klabu ina mambo yake. Wako wanaochinja mbuzi golini, wako wanaolala na mpira kama mke. Sangala ilipanga makocha. Kabla ya mechi ya kwanza ya msimu, mtangazaji alisimama katikati ya uwanja akawataja makocha watano bora wa klabu tangu ilipoanza, akitoka wa tano kwenda wa kwanza, na baada ya kila jina alipaza sauti: "Anayepinga aingie!" Aliyepinga aliingia na kutoa sababu zake mbele ya watu wote. Akatoka wa kumtetea yule kocha, naye akatoa zake. Kama maneno hayakutosha, na kwa kawaida hayakutosha, wawili hao walivua mashati wakakamatana mikono mitupu mpaka mgongo wa mmoja uguse mchanga. Hakuna fimbo, hakuna jiwe, hakuna wawili kumwingilia mmoja. Aliyesimama aliweza kupingwa tena na mwingine, na mwingine, mpaka wapinzani waishe. Nafasi iliyopita bila mtu kuingia iliitwa nafasi ya bure, na kocha aliyepewa ya bure alichekwa kuliko yule asiyetajwa kabisa. Watu walipoteza meno pale, wakarudi nyumbani wakicheka na mapengo yao. Ndayiragije mwenyewe alipata mke kwa njia hiyo: alimwangusha mchukuzi mizigo mmoja mnene akimtetea Tariki, na binti wa Tariki, mtangazaji, akaona kwamba huyu Mrundi wa bondeni, Mkatoliki tena, hana mzaha.

Wanawake wa nyumba ya Tariki ndio waliotangaza, kwa sababu bibi yao alikuwa na sauti iliyovuka mto hata ukiwa umejaa. Sauti hiyo Safi alikuwa nayo.

Sasa ilimbidi afanye jambo ambalo hakuna mtangazaji aliyewahi kulifanya, yaani kuzunguka mjini akiomba watu wasipinge. Maana mtu mmoja akiingia, akatoa maneno yake mbele ya mji mzima, Claude angeaibika, na aibu ya Claude ingelipwa na Ndayiragije.

Alianza kwa Mama Léocadie, muuza mawese wa soko la Mulongwe.

"Shikamoo, mama. Nakuya kukuomba kitu."

"Kama ni mawese, leta chupa. Kama ni nafasi yangu ya tatu, umechelewa. Mama yako na bibi yako balininyima, weye unanyima, na mutoto wako atanyima."

Léocadie alikuwa wa tano. Wakati wa uasi wa Mulele, wanaume walipokimbilia milimani na ng'ambo ya ziwa, yeye aliokota waliobaki, vilema wawili, makatekista, muuza chumvi mmoja mzee, akawapanga, na wakaifunga timu ya askari mbele ya askari wenyewe. Aliwapanga wote nyuma, akamwacha kilema mmoja mbele, kwa hoja kwamba hakuna beki atakayejisumbua kumkaba kilema. Kilema alifunga. Mbele yake walikuwa Mwalimu Uwimana wa Mutarule, ambaye timu yake haikufungwa msimu mzima, ingawa pia haikufunga. Abbé, padri aliyekataza matusi lakini akafundisha viwiko, na akarudi kutoka Bujumbura na kikombe amekifunika kwa kanzu yake. Na Ngongo mfanyabiashara wa vitambaa, aliyewavalisha wachezaji viatu kwa mara ya kwanza na kuwafundisha kupasiana chini chini, kwa sababu hakutaka viatu vyake vichakae kwa mashuti. Juu ya wote alikuwa Tariki. Yeye aliwakimbiza wachezaji ziwani, maji yakiwa mapajani, mpaka wakitoka nchi kavu wanajiona wana mabawa.

Safi alimweleza Léocadie yote. Yule mama alisikiliza huku akifuta mdomo wa pipa kwa kidole.

"Claude? Yule golikipa wa benchi? Ule mwenye alikuwa anadaka mpira kama muntu anapokea mutoto wa mwenzake?"

"Njo yeye, mama."

"Na yeye akiingia wa kwanza, bote tunashuka. Tariki wa pili. Ngongo wa tatu. Abbé wa ine. Mwalimu wa tano." Kidole kilisimama. "Na minye?"

Safi alitazama chini.

"Haa! Miaka yote nalilia nafasi ya tatu, leo unakuya kunitoa hata mu ya tano!" Wauzaji wa jirani waligeuka. Léocadie akashusha sauti. "Bwana yako anakula?"

"Sijui, mama."

Léocadie alichovya kidole kwenye mawese, akakinyonya. "Sawa. Nitafunga kinywa. Sitaingia."

Bigirimana, kaka mkubwa wa Ndayiragije, ndiye aliyemtia hofu zaidi. Alikuwa mbeba mizigo wa bandari, kifua kama mlango wa kanisa, na alimpenda Tariki kuliko alivyompenda baba yake mwenyewe. Kila siku alipita karibu na lile kontena na gunia mabegani.

"Iko muzima, shemeji," alimwambia Safi. "Nikipita nakohoa, na yeye anagonga chuma. Jana aligonga polepole."

"Usiingie, shemeji. Nakusihi."

"Na Claude akae juu ya Tariki?"

"Tariki iko mu udongo. Ndugu yako iko mu chuma."

Bigirimana alikunja ngumi akaitazama kama kitu kilichookotwa njiani. "Sitaingia," alisema mwishowe. "Lakini usinitazame siku ile. Ukinitazama nitaingia."

Basi ikawa hivyo nyumba kwa nyumba, kibanda kwa kibanda. Watu walimkubalia, na baada ya kukubali hawakumsindikiza mlangoni.

Na ukweli usemwe: Claude alijua mpira. Kona za Sangala hazijawahi kuwa kali kama chini yake. Aliona kwamba kiungo wa kushoto anaficha goti bovu akampumzisha kabla halijavunjika, jambo ambalo Tariki hakuliona. Tangu aishike timu, Sangala haikupoteza hata mechi moja. Kwa hesabu hakuna aliyemzidi, wala Abbé na kikombe chake. Ila kila mechi walinzi wake walikaa nyuma ya goli la wageni, bunduki mapajani, na golikipa wa Makobola aliyewahi kudaka penalti mbele yao alirudi kwao mkono umevunjwa pawili.

Jumapili, ile siku ya Mungu, watu walijaa mapema. Uwanja wa Mulongwe hauna nyasi. Mto ukifurika unaacha mchanga na vijiwe, na kila msimu vijiwe vinaokotwa, na kila msimu vinarudi. Waasi walizunguka uwanja wote. Kwenye mti wa kona kulikuwa na gari la pikapu, na juu yake Ndayiragije amekaa katikati ya askari, amefungwa mikono. Claude alikuwa ametimiza nusu ya neno lake: amemleta. Safi alimwona mumewe anavyokaa, ameegemea upande mmoja, anavuta pumzi fupi fupi, akajua kwamba mbavu za kulia zimevunjika.

Alikwenda katikati. Alianza na Mwalimu Uwimana, wa tano, na kwa muda mfupi Jumapili ikawa Jumapili. Fundi baiskeli aliingia akipinga, akasema kwamba timu isiyofunga magoli ni sawa na jogoo asiyepanda. Kinyozi akaingia kumtetea mwalimu. Walikamatana, wakapigana vichwa, fundi akapasuka nyusi, damu ikamwingia machoni, kinyozi akampiga mtama na kumlaza. Watu walishangilia. Abbé wa nne, sikio moja likang'atwa. Ngongo wa tatu, kidole kikateguka. Askari walianza kuwekeana dau la sigara, nani ataanguka.

"Wa pili," Safi alisema, na sauti yake ikapungua nguvu, "Tariki."

Vicheko vilikatika. Alipiga ukelele wa kuwaita wapinzani. Kila mtu pale alipinga, Safi aliliona hilo katika shingo zao. Hakuingia mtu.

"Wa kwanza, Komanda Claude. Anayepinga aingie!"

Alifumba macho. Alisikia mto, na mbuzi wa mtu. Alihesabu pumzi zake mwenyewe, akangoja, na hakuna aliyeingia. Walitimiza ahadi. Alipofumbua macho alitaka kukimbilia kwenye pikapu na kumfungua mumewe kwa meno.

Lakini Claude hakufurahi. Alikuwa amesimama kwenye mstari wa pembeni, taya limekaza, anawatazama mmoja mmoja. Mtu mwingine angeichukua ile nafasi na kwenda zake. Mtu wa kuja angeona kimya kile ni heshima. Claude alizaliwa Mulongwe. Alikua akiwatazama wakubwa wakitokwa damu kwa ajili ya Abbé na Tariki, naye kwenye benchi akiota kwamba siku moja damu itatoka kwa ajili yake.

"Ya bure?" alisema. "Munanipa ya bure? Bigirimana! Weye na kifua chako. Ingia!"

Bigirimana alitazama vidole vyake vya miguu.

"Mama Léocadie! Hata weye?"

Léocadie alijibana midomo kwa vidole.

Claude alizunguka mahali pamoja, akaona pikapu. "Basi yule ataingia. Mukwe wa Tariki. Mumufungue!"

"Komanda," Safi alisema, "ulisema atarudi nyumbani."

"Atarudi. Nikimwangusha, atarudi." Alivua mkanda wenye bastola, akamkabidhi sajini wake, akavua na shati. Mwili wake ulikuwa mzuri, wa mtu anayekula. "Na asijiangushe. Akijiangusha nitajua."

Walimsukuma Ndayiragije uwanjani. Alinuka kutu na mkojo. Safi alimkaribia kadiri mtangazaji anavyoruhusiwa, akamnong'oneza: "Uanguke. Uanguke mara moja, bwana yangu, twende."

Ndayiragije alimtazama kwa jicho moja, la pili limeziba. "Ulimutangaza," alisema.

Ndilo neno pekee alilompa.

Claude alianza kwa ngumi ya tumbo, na Ndayiragije akajikunja. Ya pili ikatua sikioni. Ya tatu ikapasua mdomo, jino likaanguka mchangani, jeupe kati ya vijiwe. Aliyumba, akashika hewa, akapiga goti, lakini goti si mgongo. Safi aliomba moyoni: lala, lala chali, uanguke tu. Claude alimwinua kwa nywele akampiga puani kwa paji la uso wake. Damu iliwarukia wote wawili. Na hapo Claude akafanya kosa la golikipa: alitanua mikono na kumwendea mwili mzima.

Beki wa kati hungoja jambo hilo maisha yake yote. Ndayiragije aliingia chini ya kwapa, akampiga kwa bega kooni, wakaanguka pamoja kiubavu, na kabla vumbi halijatua alikuwa amemzungushia Claude mkono shingoni kwa nyuma na miguu kiunoni. Akabana. Claude alitupa viwiko kwenye zile mbavu. Kila kiwiko kilimtoa Ndayiragije mguno, na hakuachia. Uso wa komanda ulipanda damu, ukawa zambarau. Umati, ambao hadi hapo ulikuwa haupumui, ukaanza kunguruma kwa chini.

Safi aliona kile ambacho umati haukukiona. Sajini hakujua desturi. Alichokiona yeye ni mkubwa wake akinyongwa na mfungwa, na mkubwa wake hakuweza kutoa sauti ya kumwamuru lolote. Alisogea hatua, akaweka kitako cha bunduki begani, akaielekeza kwenye kisogo cha Ndayiragije. Kidole kiliingia mahali pake.

Mtangazaji haruhusiwi kugusa wanaopigana. Safi alikwenda mbio, akainua mguu, akamkanyaga mumewe kwa kisigino kwenye mbavu za kulia, pale pale zilipovunjika. Alisikia kitu kikilia ndani kama ukuni. Ndayiragije alipiga yowe moja, mikono ikafunguka, akabiringika chali. Mgongo wake uligusa mchanga.

"Umegusa!" Safi alipaza sauti, amesimama kati ya sajini na mumewe. "Mugongo umegusa! Wa kwanza, Komanda Claude!"

Sajini alishusha bunduki. Claude alikuwa magotini, anakohoa, anatafuta hewa kwa mikono. Na pale pembeni mtu mmoja alitema mate kuelekea kwa Safi, kisha wa pili, kisha mstari mzima.

"Umalizie," Bigirimana alisema kwa sauti nzito. "Maneno yako hayajaisha, shemeji. Umalizie."

Safi alijaribu. "Anayepinga..."

"Aingie!" Mama Léocadie alimalizia, na tayari alikuwa ndani ya uwanja, kitenge amekikaza kiunoni, mguu mmoja akiuburuta.

"Mama, uliniahidi."

"Nilikuahidi juu ya nafasi. Sikukuahidi juu ya damu hii." Alimpita Safi kama anavyopita nguzo, akasimama mbele ya Claude, ambaye alikuwa anajiinua. "Minye napinga. Na niko na sababu. Unasema haukupoteza mechi. Ni kweli. Kocha anapimwa na mechi zenye angeweza kupoteza, Claude. Siku nilipopanga vilema, tungeweza kufungwa, na bangetuua. Abbé, pale Bujumbura, angeweza kufungwa. Tariki alifungwa mara nyingi, na kila mara alirudi hapa tukamuzomea, akakubali. Weye haukucheza hata mechi moja. Bunduki ilicheza. Bado uko mu benchi."

Umati ulipiga kelele ambayo Safi hakuwahi kuisikia, haikuwa ya mpira wala ya kilio.

Claude alikuwa na damu ya Ndayiragije usoni. "Basi leo nacheza," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Toka, bibi. Mulete mwanaume."

Léocadie alimzaba kofi. Claude alimshika kitenge, akamtupa. Yule mama alianguka kwa nyonga, mfupa ukalia, na uso wake ukageuka majivu; lakini hata pale chini alikuwa anamtazama. Askari waliinua bunduki.

"Hapana!" Claude aliwapigia kelele. "Muntu asipige! Ni desturi. Ni yangu. Mmoja mmoja! Bote baingie, mmoja mmoja!"

Bigirimana alikuwa ameshavua shati.

Nyuma yake akasimama kinyozi. Nyuma ya kinyozi, fundi baiskeli na nyusi yake iliyopasuka. Nyuma ya fundi, kiungo wa kushoto na goti lake. Kisha wavuvi, kisha wauza chumvi, kisha wanawake wa soko wakikaza vitenge. Walijipanga kimya kutoka mstari wa kati mpaka golini, kama watu wanaosubiri maji bombani.

"Acheni!" Safi aliwaambia, akienda kutoka mmoja hadi mwingine, akiwashika mikono. "Ameshinda, acheni aende, atamuacha bwana yangu. Fundi. Kinyozi. Mama Louise, weye unanijua." Mama Louise aliondoa mkono wake. Kila aliyeongezeka kwenye mstari ule alikuwa anamrudisha Ndayiragije hatua moja kuelekea kontena, na Safi hakuwa na nguvu ya kuwapunguza hata mmoja.

"Komanda!" alilia. "Bwana yangu."

"Mustari uishe kwanza," Claude alisema bila kumtazama. Macho yalimng'aa. Kwa mara ya kwanza tangu arudi na bunduki alionekana kijana, na hata mwenye furaha.

Alimpiga Bigirimana kwa muda mrefu. Walibadilishana ngumi mpaka nyuso zikapoteza umbo. Jicho la Bigirimana lilifunga, kisha la Claude. Mwishowe komanda alichota mchanga kwa mguu, akamrushia, akamwangusha kwa kichwa tumboni. Mgongo uligusa. Kinyozi aliingia kabla Claude hajavuta pumzi. Claude alimvunja taya. Fundi baiskeli alimng'ata bega, akatoka na nyama mdomoni kabla ya kuangushwa. Kiungo wa kushoto alimpiga kwa goti lile lile bovu. Askari walikuwa wameacha kuwekeana sigara. Sajini alisogea mpaka karibu kabisa na wanaopigana, akiuliza, "Komanda? Komanda?" na kila mara Claude alimpungia mkono uliolowa: bado, bado. Hata dereva wa pikapu alishuka aone.

Hapo Safi akaona kwamba hakuna anayemtazama Ndayiragije.

Alimkuta pale alipomwacha, chali. Alimwingiza mkono chini ya kwapa la kushoto, akamburuta. Mumewe alimsukuma.

"Niache. Niko na zamu."

"Zamu yako imepita. Mugongo uligusa."

"Weye uliugusisha."

Alimvuta hivyo hivyo, kisigino kikichora mchanga, wakapita nyuma ya goli la kaskazini, goli lisilo na wavu, wakashuka kwenye kingo za mto. Maji ya Mulongwe yalikuwa baridi, ya mlimani. Waliingia mpaka mapajani. Mto uliwaficha vichwa nyuma ya matete, na juu yao waliendelea kusikia ngumi, kisha mguno, kisha kimya cha mtu mwingine kuingia.

Kisha ukaja mlio ambao kila mtu wa Mulongwe anaujua: uwanja mzima kutoa pumzi mara moja, halafu kelele. Mgongo umegusa. Na katika kelele ile sauti zikaanza kuita, kwanza chache, kisha zote kwa pamoja, kwa mapigo: "Safi! Safi! Safi!"

Ndayiragije alisimama ndani ya maji. "Ni yeye. Claude ameanguka." Alimshika mkewe mkono kwa mara ya kwanza. "Banakuita. Bila weye haijatangazwa. Enda. Umurudishe baba yako."

Safi alikuwa na yale maneno yote kifuani, tayari. Wa kwanza, Tariki. Sauti yake ingetoka pale mtoni ikafika mpaka Kalundu. Alitazama miguu ya mumewe ikitetemeka kwenye mkondo. Akimwachia, maji yatamchukua kabla yeye Safi hajafika kwenye mstari wa kati.

"Batangaze benyewe," alisema.

"Safi!"

"Batangaze benyewe."

Mlio wa kwanza wa risasi ulikuwa mmoja tu, mkavu. Sauti zilizokuwa zikimwita zilikatika katikati ya jina. Kisha bunduki zote zikafuata, kutoka pande zote za uwanja, na watu wakaanza kupiga mayowe, na juu ya mayowe Safi alimsikia Bigirimana akiwaambia wanawake walale chini, walale chini, na baadaye hakumsikia tena.

Ndayiragije aligeuka kurudi. Alipiga hatua moja kuelekea kingo, mdomo wazi, akiita jina la kaka yake. Safi alimshika nywele kwa nyuma, akamrudisha majini.

"Ulinipiga mu mbavu," Ndayiragije alimwambia, akilia. "Mbele ya batu bote."

"Nilikupiga. Tembea ao nitakupiga tena."

Alimwekea bega. Walianza kupanda mto, jiwe kwa jiwe, kuelekea milimani, na maji yaliyowapita yakishuka uwanjani yalikuwa bado safi.